Kitabu Kilichongoja Miaka 35

Katika shule zetu za milimani mna desturi moja ambayo sijaiona imeandikwa mahali popote, nayo ni hii: karibu kila mwalimu ana daftari. Sisemi daftari la mahudhurio wala la maandalio ya masomo, bali daftari jingine, lililofungwa kwa uzi na kulazwa chini ya nguo sandukuni. Ndani yake mna mithali za wazee, au majina ya koo na milima zilikopitia, au vitendawili, au mwanzo wa hadithi uliokatika katika ukurasa wa nne. Ukimwuliza mwenyewe, "Je, Mwalimu, hii itakuwa nini?" atakujibu, "Itakuwa kitabu, Mungu akipenda." Urudi baada ya miaka kumi, mchwa wamekwisha kula jalada, na jibu ni lile lile.

Kwa ajili ya watu wa daftari, ambao mimi ni mmoja wao, nataka leo kukipima kitabu kimoja kilichotoka sandukuni kikawa kitabu kweli. Jina lake ni refu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aliyekitunga ni marehemu Aniceti Kitereza wa Ukerewe, nacho kilipigwa chapa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, juzuu mbili. Najua wengi wenu hamjakiona. Mimi mwenyewe nalikipata Morogoro mjini kwa kuazima, nikapanda nacho mlimani nimekifunga katika khanga mbili kwa sababu ya mvua, na ilinichukua masika nzima kukimaliza.

Kwanza habari ya mtu mwenyewe, maana bila hiyo hatutafahamu kazi yake. Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria, mtu wa ukoo wa watawala wa nchi ile. Alisomeshwa na mapadre wa White Fathers, akapelekwa seminari ya Rubya upande wa Bukoba, na huko alikaa miaka mingi akajifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Hakuwa padre. Alirudi kwao, akamwoa Anna Katura, akafanya kazi ya ukarani na kazi za misioni. Watoto waliozaliwa hawakuishi. Yeye na mkewe wakazeeka bila mtoto, wala hakutwaa mke mwingine. Nawaomba mlikumbuke neno hili, kwa kuwa tutalirudia.

Mtu huyu aliona jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona kwao: kwamba wazee wanakufa na mambo yao, na vijana hawaulizi. Akaanza kukusanya. Lakini hakuishia kukusanya, na hapo ndipo alipotupita sisi. Padre mmoja Mkanada, jina lake Almas Simard, alimhimiza sana, na mwaka 1945 Kitereza akamaliza kuandika hadithi ndefu kwa Kikerewe, lugha ya mama yake.

Sasa hesabuni pamoja nami. Kazi ilikwisha mwaka 1945. Kitabu kikatoka mwaka 1980. Katikati mna miaka 35. Hakupatikana mchapaji wa kitabu kinene cha namna ile katika lugha ya watu wa kisiwa kimoja. Padre Simard alifariki kitabu kikiwa hakijapigwa chapa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe wataalamu wawili wa Marekani, mtu na mkewe, Gerald na Charlotte Hartwig, waliokuja kuchunguza habari za kale za Wakerewe; nao wakaijua kazi ile, wakamtia moyo mzee. Ndipo Kitereza, akiwa amekwisha kuwa mzee wa miaka sabini na zaidi, aliposhika kalamu tena akaandika kitabu chote upya kwa Kiswahili, kwa mkono wake mwenyewe. Kilipigwa chapa China. Naye alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia.

Nalipowasomea habari hii walimu wenzangu siku moja baada ya kazi, wote walinyamaza, kisha mmoja akasema, "Basi, ni heri kuwa mpiga gitaa." Tulicheka, lakini neno lake lina maana kwa watu wa Morogoro. Mjini petu alizaliwa mwaka 1928 Salum Abdallah, kijana aliyezipenda mno santuri za muziki wa Kuba. Husimuliwa kwamba alitoroka kwao akaenda hata Mombasa akitaka kupanda meli aende huko Kuba kwenyewe, asifanikiwe. Akarudi, na mwaka 1948 akaanzisha bendi ya La Paloma, na baadaye akaongoza Cuban Marimba, hata akafariki mwaka 1965. Wako kati yetu wasiopenda dansi, nami siwaiti hapa wabishane. Nasema hivi tu: mwimbaji akipata watu wanne na ala zao, wazo lake laweza kusikiwa jioni ile ile. Mwandishi humhitaji mchapaji, na mwuzaji, na barabara, na msomaji aliyefundishwa kusoma. Tena humhitaji afya ya kungoja.

Lakini tusilie sana juu ya kungoja hata tukasahau kukipima kitabu. Swali langu ni hili: kwa nini daftari la Kitereza lilikuwa hadithi, na madaftari yetu yamebaki orodha?

Hadithi yenyewe ni ya watu wawili wa zamani, kabla ya Wazungu kufika kisiwani. Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsema mke vibaya, na wazazi wa Bugonoka wanaposikia aibu anayotendwa binti yao, wanakuja wakamchukua, wakarudi naye kwao. Myombekere anashauriwa aoe mwingine, jambo jepesi kabisa kwa mwanamume wa siku zile. Anakataa. Anakwenda ukweni kumtaka mkewe, na baba mkwe anamtoza faini: mitungi sita ya pombe ya ndizi.

Hapo, wasomaji, nalikiweka kitabu chini nikacheka peke yangu, maana nalifahamu hila ya mzee. Yeye alitaka tujue jinsi Wakerewe walivyopika pombe ya ndizi: namna ya kukata mikungu, kuivisha ndizi, kukamua, kuchanganya, kungoja. Katika daftari langu jambo kama hilo lingekuwa ukurasa wenye kichwa "Upishi wa Pombe", na yeyote angeufungua na kuufunga. Kitereza amelitia ndani ya shida ya mtu. Mitungi sita si pombe tu, ni mke. Pombe ikiharibika, Bugonoka harudi. Kwa hiyo msomaji anafuata kila hatua ya ndizi zile kwa wasiwasi, naye hajui ya kuwa anafundishwa. Jirani akija kusaidia, twafurahi. Mvua ikitishia, twaogopa. Nimesoma vitabu kadhaa vya desturi za makabila, vingine vya watu wenye elimu kubwa, wala sijapata kuona desturi moja iliyonishika moyo kama mitungi ile.

Kadhalika na maamkio ya ukweni. Sisi tungeandika, "Mkwe humwamkia baba mkwe kwa heshima." Yeye anatuketisha nje ya nyumba pamoja na Myombekere aliyetoka jasho, asiyejua kama ataitwa ndani, na maamkio yanapokuja kwa polepole, neno kwa neno, kila neno ni mlango unaofunguliwa au kufungwa.

Pana jambo litakalowasumbua baadhi ya wasomaji wa gazeti hili, nami sitalificha. Bugonoka anapata mtoto baada ya mumewe na yeye kwenda kwa mganga, na Kitereza anasimulia dawa na mambo ya mganga bila kumkemea mtu. Mwalimu mmoja wa dini aliniuliza, "Mkristo aliyesoma seminari anaandikaje hivi?" Jibu langu ni kwamba Kitereza anasimulia watu ambao Injili ilikuwa bado kuwafikia, na angewafanya waseme kama katekista angekuwa amewasingizia. Tena, atafutaye mahubiri asikimbilie kurasa za mganga. Na aende kwenye zile za mwanzo, amwone mwanamume anayeambiwa na ukoo wake wote, "Mwache mwanamke huyu tasa," naye akainuka akaenda kuvunja ndizi. Mkumbuke yule mwandishi na Anna Katura katika nyumba yao isiyo na mtoto. Hatuambii popote kwamba anajisimulia. Lakini mimi siamini kwamba mtu aliyezoea maisha mengine angeweza kuziandika kurasa zile kwa upole ule. Katika hadithi amewapa Myombekere na mkewe mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Yeye mwenyewe hakupewa.

Sasa niseme kasoro, maana kusifu tu si kupima. Kitabu ni kirefu mno, na urefu wake si wa namna moja. Kamba iliyokazwa na mitungi sita, yaani haja ya mtu mmoja kupata kitu kimoja, inalegea mara kwa mara katika sehemu za baadaye, watoto wanapokua. Hapo desturi zaja zikifuatana kwa sababu mwandishi anazijua, wala si kwa sababu watu wa hadithi wanazihitaji. Nalijikuta nikifunua kurasa upesi, nikajionea haya. Pia Kiswahili chake mahali pengine ni kizito. Sentensi inatembea kwa mwendo wa Kikerewe huku imevaa nguo za Kiswahili, na msomaji wa pwani atakunja uso. Mimi uso sikukunja. Nasi Waluguru tukisema Kiswahili, mlima husikika.

Jambo jingine si kasoro, ila lilinisimamisha. Wakerewe huhesabu ukoo kwa baba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, yaani lukolo la mama, na shamba nalo limefuata njia hiyo tangu zamani. Na katika mambo ya mke na mume mjomba ana neno kubwa. Basi nilipokuwa nikisoma habari za baba mkwe na mitungi yake, moyoni nalikuwa nikiuliza, "Mjomba yuko wapi?" Na aibu ya kukosa mtoto, ambayo katika kitabu inatoka midomoni mwa ndugu za mume, kwetu ingetoka wapi? Nadhani ingewaumiza kwanza watu wa mke, maana ni ukoo wao unaokosa mtu. Hadithi nzima ingegeuka. Asingekuwa Myombekere apandaye kwenda kuomba. Pengine angekuwa mama mzee ateremkaye kwenda kuuliza. Nalikaa na fikira hiyo usiku kucha, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Kwa maana hadithi hiyo haijaandikwa. Kitabu kijulikanacho sana juu ya ardhi na utawala wa Waluguru kiliandikwa kwa Kiingereza na Roland Young na Henry Fosbrooke, kikatoka mwaka 1960, miaka mitano baada ya ghasia za matuta za mwaka 1955 zilizoanzia kwetu milimani. Ni kazi ya bidii, nami nimefaidika nayo. Lakini ndani yake Waluguru wanasemwa. Wao wenyewe hawasemi. Hakuna mtu ndani yake anayengoja mlangoni mwa mkwe akitoka jasho.

Daftari langu lina miaka kumi na moja. Nalianza nilipotoka chuoni, na ndani yake mna mithali mia mbili na kitu, mna habari za Kingalu wa Kinole na mvua, kama nilivyosimuliwa, mna majina ya mbegu za mpunga wa mlimani ambazo wengi hawazipandi tena. Mna na hadithi ya bibi yangu niliyoiacha katikati kwa kuwa kengele ya shule ilikuwa imepigwa, nikamwambia, "Nitarudi Jumamosi, Bibi." Jumamosi sikurudi, nalikuwa na kusahihisha. Alifariki mwaka ule ule, na mwisho wa hadithi ile siujui, wala ndugu zangu hawaujui. Nimekuwa nikijisingizia ya kwamba kitabu changu hakijawa kitabu kwa sababu ya kukosa mchapaji. Baada ya kumsoma Kitereza siwezi tena kusema hivyo. Hakijawa kitabu kwa sababu ndani yake hamna mtu anayetaka kitu. Mithali mia mbili, na hakuna hata mtu mmoja wa kuzisema!

Limebaki swali la lugha, nalo ndilo lililotugombanisha mimi na mwalimu wa shule jirani, mtu ninayemheshimu. Yeye asema, "Kama unaandika, andika kwa Kiswahili. Kiluguru nani atakisoma? Shuleni hatukifundishi, wajukuu wa mjini hawakijui, na Kitereza mwenyewe ni shahidi wangu. Aliandika Kikerewe, kikalala. Aligeuza Kiswahili, kikaamka. Kwa nini upoteze miaka 35 ya pili?"

Neno lake lina nguvu, na kwa mwezi mzima sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ijapokuwa si jibu la kumnyamazisha kabisa. Kiswahili cha Kitereza kina uzito wake kwa sababu kilikuwa Kikerewe kwanza. Maamkio yale ya ukweni, zile aibu ndogo ndogo, jinsi mtu anavyokataa bila kusema hapana, hayo hayakufikiriwa kwa Kiswahili. Yalikuja yamekwisha kukomaa, Kiswahili kikayapokea. Angeanza kwa Kiswahili, nadhani angeandika kama tunavyoandika sisi, kwa lugha ya darasani, na baba mkwe wake angesema kama mkaguzi wa shule. Tena Kikerewe kile hakikupotea. Gabriel Ruhumbika, naye ni Mkerewe na mwandishi, alipokitia kitabu katika Kiingereza, tafsiri iliyotolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2002, alifasiri kutoka Kikerewe cha mwanzo. Yale makaratasi ya mwaka 1945 yalikuwa bado yana kazi ya kufanya.

Na jambo ninalolistahi kuliko yote katika habari ya mzee huyu ni kwamba aligeuza mwenyewe. Angeweza kusema, "Mimi nimemaliza kazi yangu, wenye elimu na wageuze." Alikuwa mzee, amechoka, na maungo yanamwuma. Lakini ajuaye mtungi wa sita ulivyojaa ni yeye, akaujaza mara ya pili. Kwa hiyo namjibu mwenzangu hivi: tuandike Kiluguru kwanza, kisha Kiswahili kwa mkono ule ule, wala tusiyaweke yale ya pili kama kazi ya mtu mwingine atakayekuja. Yeye angali anatikisa kichwa. Asema nitazeeka. Labda.

Wakati wa likizo nimeanza. Nimeliacha daftari lifungwe kwa uzi wake, nikachukua jingine jipya, na ndani yake mna mama mmoja wa upande wa Matombo, ateremkaye mlimani na kikapu cha ndizi kichwani kwenda kuuliza kwa nini binti yake hasikiki akicheka tena. Nimeandika kurasa kumi na moja kwa Kiluguru. Amekwisha fika uani, ameketi, amepewa maji. Hapo nimekwama, kwa kuwa sijui ni nani kwa desturi anayepaswa kusema kwanza, yeye au mwenye nyumba, wala sijui kama anayanywa maji yale kabla ya kusema haja yake au baada. Yuko bibi mmoja juu ya Kinole anayejua. Njia ni mbaya sasa, imekatwa na maji mahali pawili, lakini wanasema watu wa mananasi wanapita kwa miguu, nami nitakwenda Jumamosi.